Mbuzi Aliyepaka Rangi ya Kucha

Mjomba Nzioka,

Watu wakiwaandikia waliokufa huanza kwa kusema wanajua marehemu yuko mahali pema. Mimi sijui uko wapi, na kwa yale niliyoona mwaka huu, siwezi kukulia kiapo. Nakuandikia kwa sababu niko na swali, na hapa duniani waliobaki wote wana sababu ya kunidanganya. Wewe angalau sasa huna haja.

Kwanza habari za nyumbani. Anti Ndunge yuko sawa. Alilia wiki mbili, wiki ya tatu akapeleka kiti chako kwa banda la kuku, na kuna jogoo mmoja mwekundu anayekikalia kama mtu aliyeachiwa urithi. Mvua ya Kalama ilinyesha vizuri, pojo zikashika. Mbwa wako Polisi bado anaishi. Nakumbuka ulivyocheka ulipompa hilo jina, ati ukiulizwa porini uko na nani, useme uko na Polisi, na hutakuwa umedanganya. Wakati ule nilicheka. Siku hizi nalifikiria hilo jina naona ni kama ulikuwa umejizoeza.

Unajua kazi yangu haijabadilika. Kibanda changu bado kiko karibu na soko la mifugo mjini Machakos: chai, chapati, muthokoi wa mahindi na maharagwe, na nyama ya mbuzi Ijumaa. Kilichobadilika ni nyama inatoka wapi.

Mwezi mmoja baada ya kukuzika, mwanao Kioko alikuja na pikipiki, gunia nyuma. Alikuwa amenunua buti mpya. Akaniambia, "Dada, mimi sasa ni mtu wa mbuzi. Natoa upande wa Wamunyu, wanachinjwa hapa kichinjio na Waislamu, nakuletea kila Alhamisi. Kwani damu ni ya nini kama si kusaidiana?" Nikauliza mbona nyama haina muhuri. Akasema muhuri hupigwa ile sehemu kubwa inayoenda buchari, mimi naletewa vipande. Jibu lilikuja haraka sana, Mjomba. Mimi sikusoma mbali, lakini nimekaa miaka mingi nikisikiliza watu wakieleza kwa nini watalipa kesho. Jibu la kweli huwa linatafutatafuta maneno kwanza. Hili lilikuja likiwa limeshaoga.

Lakini ni Kioko, na tulikuwa bado tunavaa nguo za matanga. Nikachukua.

Sasa kuna mtu lazima nikujulishe, kwa sababu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Anaitwa Bwana Abdi, Msomali, muuza mbuzi na ng'ombe pale sokoni. Mwaka mzima alikuwa anakunywa chai tu kwangu, anaangalia sahani za wengine kwa heshima na kwa mbali. Ijumaa moja baada ya msikiti akaniuliza, "Mama, hii mbuzi ni ya kuchinjwa?" Nikamwambia ni ya kuchinjwa, kichinjio cha mjini, Waislamu wenyewe. "Neno lako?" Nikamwambia neno langu. Akavuta benchi, akanawa mikono, akala. Mjomba, nilijisikia kama nimepewa cheti. Mtu anayejua mbuzi kuliko mama zao, amekula kwa neno langu.

Akaendelea kula kila Ijumaa. Halafu siku moja nikamwona ameinua ubavu, anaugeuza kwa mwanga, akasema kwa utani, "Mama, huyu mbuzi alikuwa anaenda nasari?" Watu wakacheka. Fundi wa viatu anayekaa nje ya kibanda akaongeza, "Alikufa na penseli mkononi." Mimi pia nikacheka. Lakini niliporudi jikoni nilichukua mfupa mmoja kwa sufuria nikauosha, nikauangalia. Mwembamba. Mzima, wa mnyama mkubwa kwa umri, lakini mwembamba.

Hapo ndipo nilikukumbuka wewe na kwato zako.

Unakumbuka, si ndiyo? Ukitoka porini ulikuwa unagawa nyama kabla ya kuketi. Nyumba ya kwanza ni ya yule mjane wa ng'ambo ya korongo, kwa sababu yeye hana mtu wa kumwendea porini, ya pili ni kwetu, na yenu ilikuwa ya mwisho. Na kila kipande ulikifungia mguu mmoja na kwato yake, manyoya yakiwa bado kwa kifundo. Mama alikuuliza kwa nini unatuletea uchafu jikoni. Ukasema, "Wacha wamwone miguu, wasije wakaniuliza ni nani." Swala alikuja na mguu wa swala, sungura na mguu wa sungura. Hakuna aliyekula kwako bila kujua amekula nini. Na ulikataa kuuza hata kipande. Yule mwenye hoteli alipokufuata mpaka shambani ulimwambia, "Nani alimlisha huyu mnyama? Ni mimi? Sasa nitamuuzaje?" Serikali ilikuwa imekataza uwindaji kabla sijazaliwa, na wewe uliishi kama mtu ambaye hiyo barua bado iko njiani. Lakini nilikuona mtu safi. Mwizi wa serikali labda. Mwizi wa watu, hapana.

Na digidigi hukumgusa. Ulinionyesha wawili pale chini ya miiba, wadogo kama mbuzi wa kuchorwa, ukaninong'oneza, "Hawa ni bwana na bibi, mwiitu, binti yangu. Ukimtoa mmoja, mwingine anabaki hapo hapo anaita. Mimi sitaki kuitwa."

Basi Alhamisi iliyofuata nikamwambia Kioko: niletee na kwato, kama mzee. Akacheka, akapiga makofi. "Aiya! Dada umerithi baba kabisa!" Na kweli, Alhamisi nyingine akaja na nyama imefungwa kwa kamba ya katani, na mguu wa mbuzi juu yake, kwato safi, manyoya ya kahawia. Moyo ukatulia. Halafu akasema, "Ukishaona, nirudishie. Nampelekea mama achemshe supu."

Nikajiambia, ona huyu kijana anavyompenda mama yake. Halafu nikajiambia, tangu lini?

Wiki ya pili mguu ukaja tena. Kahawia. Wa nyuma, wa kulia. Ulikuwa mkavu kidogo na ukinusa ulikuwa na chumvi. Nikauliza, akasema mbuzi wa ukame huwa hivyo, hukauka vizuri wakiwa hai. Mjomba, mwanao ana kipaji, usimdharau.

Sasa usinicheke. Niko na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ya harusi ya rafiki yangu Mutheu. Kabla ya kumrudishia ule mguu, nilitia tone moja chini ya kwato, mahali ambapo mtu haangalii. Nikampa, nikamwambia msalimie Anti, asisahau kutia ndimu.

Alhamisi iliyofuata mbuzi mpya kutoka Wamunyu akafika kwangu akiwa amepaka rangi ya kucha.

Nilikaa chini. Nilicheka mpaka fundi wa viatu akachungulia kuuliza kama nimepata simu ya mapenzi. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu nilikumbuka vitu viwili. Kwanza, mwanao amechukua ile alama uliyokuwa unaitumia ili usimdanganye mtu, akaitumia kudanganyia. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani angeweza kufanya hilo kosa. Lazima uwe mtoto wa Nzioka ili hata ujue kwamba kwato inaaminika. Pili, Bwana Abdi. Tangu siku ya mbavu mpaka siku ya rangi, alikuwa amekula kwangu Ijumaa tatu.

Ile nyama sikuipika. Niliweka maharagwe motoni, nikamwambia jirani aniangalizie kibanda, nikapanda kwenda Kalama mchana huo huo.

Nilianza na Anti. Nikamuuliza supu ya miguu ilikuwaje. Akaniangalia. "Supu gani?" Basi nikazunguka nyuma ya nyumba. Kioko alikuwa kwa ile ghala yako ya zamani, na kabla hajaufunga uso wake nilikuwa nimeshaona ngozi zimeanikwa, ndogo, za kijivu, na miguu myembamba kama kalamu imerundikwa kwa karai. Digidigi, Mjomba. Polisi alikuwa amelala mlangoni, hata hakuinua kichwa.

Nilitegemea ataomba msamaha, lakini alikasirika. "Kwani shida iko wapi? Nyama ni nyama. Si wewe umekula kwa baba tangu ukiwa na meno ya maziwa? Ulishikwa na tumbo?" Nikamwambia mzee alitoa, hakuuza, na alisema ni mnyama gani, na aliwinda kwa upinde, akimwangalia mnyama machoni, akiona ni jike mwenye mimba anarudisha mshale. Waya haiangalii. Nikamwambia kuna mtu amekula hii kitu kwa neno langu kwamba ilichinjwa, kumbe ilinyongwa. Nilikuwa naongea vizuri, hata mimi niliona hivyo. Kioko akaningojea nimalize. Akaingia ndani ya ghala, akatoka na lile sanduku lako la bati, akalifungua miguuni pangu.

"Na hizi ni za nani, dada?"

Waya. Vitanzi, vimeviringishwa vizuri, vimepangwa kwa ukubwa. Nikainama nichukue kimoja nimwambie ameviweka mwenyewe. Halafu nikaona fundo.

Unajua fundo gani. Mizunguko miwili, halafu ncha inarudishwa ndani isikate mkono wa mtu. Ulifunga hivyo mkanda wa kikapu changu cha kyondo ulipokatika. Ulifunga hivyo waya wa kuanikia nguo zetu, na mama akasema huyu ndugu yangu anamhurumia hata anayeanika nguo. Kioko hafungi hivyo. Kioko hata kamba za viatu anafunga kama anapigana nazo.

"Miaka miwili ya mwisho," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mkono ulikuwa unatetemeka. Upinde hangeweza kuuvuta. Nani unafikiri alinionyesha mahali wanapita?"

Nikamwambia anadanganya. Nikarudi nikakaa kwa lile jiwe la kunolea, na hapo ndipo hii barua ilianza, kwa sababu niliposema anadanganya nilikuwa nimeshakumbuka.

Nimekumbuka nyama uliyonitumia mvua ya mwisho kabla hujalazwa. Ilikuja kwa mfuko, imekatwakatwa, laini. Haikuwa na kwato. Nilikupigia simu kukushukuru, nikauliza kwa mzaha mgeni wetu ni nani leo, hana miguu? Ukasema, "Polisi amekula kwato." Nikacheka, nikapika.

Mjomba, Polisi wakati huo hakuwa na meno. Alikuwa analishwa uji. Mimi mwenyewe niliununua huo unga.

Basi swali langu ni hilo. Ulikuwa nani, na tangu lini? Nimejaribu kukutetea. Labda ulitega kwa sababu yule mjane alikuwa amezoea kuona mkono wako mlangoni, ukaona haya kwenda bila kitu. Labda uliona aibu kuwa mwindaji ambaye hawezi tena kuwinda. Labda ulitega mara moja, ukajichukia, ukafungia waya kwa sanduku, na Kioko akazikuta. Lakini vitanzi vimepangwa kwa ukubwa, Mjomba. Mtu aliyejichukia hapangi vitu kwa ukubwa. Na hiyo simu. Ulijibu haraka. Jibu lako pia lilikuwa limeshaoga.

Nililala hapo kwa Anti. Asubuhi nikamwambia Kioko twende porini tutoe waya zote. Alinuna lakini akatangulia, na hiyo nayo ilinionyesha kitu, kwa sababu alikuwa anajua kila mti. Tulitembea mpaka jua likawa kali. Nyingine zilikuwa na fundo lake, nyingine na lako. Nilikuwa nafungua moja moja naziweka kwa gunia. Chini ya miiba, karibu na ule mteremko ulionionyesha wale wawili, tukakuta waya imeshika. Jike, ameshakufa, baridi. Na hatua chache kutoka hapo dume limesimama. Halikukimbia. Lilituangalia, likatoa ile sauti ya pua, ya kuita, mara mbili, likangoja.

Kioko ni mtu wa maneno, unamjua. Alisimama pale na gunia, buti zake mpya zimejaa vumbi, akaniuliza polepole, "Litarudi hapa mpaka lini?"

Nikamwambia amuulize baba yake. Ilikuwa jibu baya. Tukamfukia jike hapo hapo. Nilimwambia nikiona waya moja tena Kalama, mimi mwenyewe nitabeba hilo gunia mpaka kwa watu wa wanyamapori, na sitalia. Kama nilipaswa kwenda siku hiyo hiyo, sijui. Huenda nimemwachia kwa sababu ni wako, na hiyo ni sababu ninayoishuku pia.

Iliyobaki ilikuwa Bwana Abdi.

Nilimngoja Jumatatu, kabla ya wateja kuwa wengi. Nilimwita kando, nikamwambia yote: si mbuzi, haikuchinjwa, ilinyongwa na waya, na aliyeniletea ni mtoto wa mjomba wangu. Nilitegemea apige kelele. Alisimama tu, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, "Mimi sikujua. Mungu anajua sikujua." Nikasema ni kweli. "Wewe ulijua?"

Nikamwambia sikujua, nilishuku.

"Tangu lini?"

Swali lile lile, Mjomba, ambalo nimekuja kukuuliza wewe. Lilinipata nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Ningeweza kumwambia tangu Alhamisi. Nani angejua? Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limenawa, limechana nywele. Nikalimeza. Nikamwambia tangu siku ile aliyoinua ubavu. Nikamwambia nilikuwa nachunguza, nilitaka kuwa na hakika, na wakati nachunguza nilikuwa nampakulia. Sikumwambia kwamba ilikuwa tamu pia, kuchunguza. Kwamba nilikuwa naona raha kuwa mjanja kuliko Kioko, na ile raha ndiyo iliyokula Ijumaa zake tatu. Hilo nakuambia wewe.

Akaenda. Hakuaga.

Adhuhuri niliwaambia wengine wote, nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sauti, kila mtu ashike chake. Mama mmoja wa mboga alitema mate. Kijana wa mizigo akasema alikuwa anajua utamu ule si wa bure. Fundi wa viatu akafikiria sana, akauliza kama kuna iliyobaki. Nikamwambia toka hapa. Akasema, "Si umetuambia tuwe wakweli?"

Siku hizi Ijumaa napika maharagwe na nazi kidogo. Wateja wamepungua, wengine wamerudi. Bwana Abdi alikaa wiki tatu bila kupita upande wangu. Wiki ya nne akaja. Alikuwa amebeba kikombe chake mwenyewe, cha chuma, kimefungwa kwa leso. Akakiweka mezani bila kuniangalia, akasema, "Chai." Nikamimina kutoka kwa birika bila kugusa kikombe. Akanywa, akakifunga tena kwa leso, akaenda. Tangu hapo anakuja hivyo, kila asubuhi. Sijamwomba atumie changu. Naona ni haki yake kunikagua mpaka atosheke, na ikiwa ni mpaka nife, basi.

Kwa hivyo nakuaga, Mjomba, bila jibu. Niliwaza kufunga sanduku lako na kusema mzee alizeeka, yaishe, watu wasafishe midomo. Lakini nikikusafisha kwa uongo nitakuwa nimekufanyia kazi ya Kioko. Yule mjane nimemwambia. Alisema wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa akifika mlangoni kwake, na ataendelea kukuombea, lakini ataomba akitaja na waya.

Ahadi yangu ni moja. Kuanzia sasa nikishuku kitu, nitashuku kwa sauti, siku hiyo hiyo, mbele ya mwenye sahani, hata kama nitakosea na nichekwe soko zima. Sitangojea kuwa na hakika huku mtu mwingine anatafuna.

Pumzika kama unaweza. Nakupenda vile vile, hilo halijaguswa. Kukuamini ndiko kazi, na nimeianza leo, nikiwa na wasiwasi.

Mwiitu wako,
Mwikali